Wi-Fi hadi chumba cha mwisho: mwongozo kamili wa kuunganisha vituo kadhaa nyumbani

Ruta moja ikikaa sebuleni, sebule inashiba na chumba cha mwisho kinalala njaa. Wengi hukimbilia kununua ruta yenye antena sita wakidhani kilichopungua ni nguvu. Antena hizo hazitasaidia sana, maana Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta inaweza kupaza sauti ikasikika mwisho wa ukumbi, lakini simu, yenye antena ndogo na betri inayobana matumizi, haina pumzi ya kuijibu kutoka huko. Ndiyo sababu simu huonyesha mistari yote ya Wi-Fi huku ukurasa umegoma kufunguka. Dawa yake ni kusogeza kituo karibu na simu, kisha kukifunga kituo hicho kwenye ruta kwa njia iliyo imara.

Kabla ya kushika bisibisi, tenganisha maneno mawili. Ruta ndiyo inayounganisha nyumba na mtandao wa nje na kugawa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa. Kituo, ambacho mafundi wengi hukiita aksesi pointi, hurusha Wi-Fi tu na kupitisha data kwenda kwenye waya. Sanduku linalouzwa kwa jina la ruta huwa na vyote viwili ndani yake, pamoja na swichi ndogo, yaani kigawanyio cha waya wa mtandao, ya matundu kama manne, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Nyumba inahitaji ruta moja. Vituo vinaweza kuwa viwili, vitatu au vitano. Makosa mengi tutakayoyaona huko mbele yanatokana na nyumba kujikuta na ruta mbili bila mwenyewe kujua.

Pima kwanza

Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, hata kama ni mistari tu, na uonyeshe kila ukuta umejengwa kwa nini. Kisha weka kwenye simu programu ya kuchambua Wi-Fi inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hizo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -50 ni bora kuliko -70. Kila zinaposhuka 3, nguvu inayofika imepungua nusu.

Tembea chumba hadi chumba, milango ikiwa imefungwa, ukisimama pale watu wanapokaa hasa: kitandani, kwenye meza ya kazi, kwenye kochi. Andika namba za masafa mawili ya Wi-Fi, 2.4 GHz na 5 GHz, mbalimbali. Kuanzia -50 kwenda juu ni raha tupu. Hadi -67 hivi, simu za sauti na video zinakwenda bila shida. Kwenye -70 mambo yanaanza kukatakata, na -80 ni pa kusubiri barua pepe tu.

Wakati huohuo angalia vizuizi. Ukuta wa mbao au jasi hula kidogo. Tofali hula zaidi. Zege lenye nondo, hasa slabu kati ya ghorofa na ghorofa, linaweza kuyameza mawimbi ya 5 GHz karibu yote. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma yake, kwa hiyo hufanya kazi kama bati. Tangi la maji, jokofu, kabati la chuma na ukuta uliopigwa lipu juu ya wavu wa chuma navyo vimo. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na likiwashwa huchafua masafa ya 2.4 GHz kwa dakika zile linapopasha.

Ukimaliza, ramani itakuonyesha pengo liko wapi. Mara nyingi kituo kimoja cha ziada kilichowekwa mahali pazuri kinatosha. Usianze na vitatu. Vituo vikizidi vinapigiana kelele, na nyumba yenye vitano visivyohitajika huwa na Wi-Fi mbaya kuliko yenye viwili.

Uti wa mgongo

Swali kubwa la kazi hii yote ni hili: kituo cha pili kitapata data kutoka wapi? Njia hiyo ya kati ya ruta na kituo tuiite uti wa mgongo. Ukiwa imara, hata vituo vya bei ya chini vitafanya kazi nzuri. Ukiwa dhaifu, hakuna chapa itakayokuokoa.

Chaguo la kwanza ni waya wa mtandao. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayovuka urefu huo. Kama kuna namna yoyote ya kupitisha waya, kupitia dari, kando ya sakafu au nje ya ukuta ndani ya bomba, pitisha. Ni kazi ya siku moja inayokaa miaka ishirini.

La pili, kama nyumba ina kebo za zamani za televisheni ukutani, ni vigeuzi vya MoCA, ambavyo hupitisha data ndani ya kebo hizo kwa mwendo unaokaribia wa waya wenyewe. Hakikisha vigawanyio vilivyomo njiani vinakubali masafa ya MoCA, kwani vile vya zamani huyakata.

La tatu ni mfumo wa meshi usio na waya: vituo vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe hewani. Hapa kuna siri ambayo maboksi hayaandiki kwa herufi kubwa. Redio haiwezi kupokea na kurusha kwenye chaneli moja kwa wakati mmoja. Kituo kinachotumia redio ileile kuongea na ruta na pia na simu yako kinalazimika kusema kila kitu mara mbili, hivyo mwendo unaobaki ni nusu hivi. Ukiweka kituo cha tatu nyuma ya cha pili, nusu inakatwa tena. Mifumo yenye redio ya tatu iliyotengwa kwa uti wa mgongo pekee hukwepa sehemu kubwa ya hasara hiyo, na kama waya hauwezekani, huo ndio wa kununua.

La nne ni vigeuzi vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumba. Vinaweza kukufaa au kukuvunja moyo, kutegemea hali ya nyaya. Vichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye kebo ya ziada yenye kinga ya umeme, kwa sababu kinga hiyo huchuja mawimbi yao. Soketi mbili zilizo kwenye fezi tofauti nazo huenda zisisikilizane kabisa.

Kirudiaji cha bei ndogo cha kuchomeka kwenye soketi ni chaguo la mwisho. Kinafaa kwa kamera ya getini au balbu janja, si kwa mtu anayefanya mikutano ya video.

Vifaa

Tuchukue mfano wa nyumba ya chini, yenye ruta upande mmoja na vituo viwili vya kuongezwa. Utahitaji:

- Vituo 2 vya Wi-Fi 6, yaani kiwango cha 802.11ax. Wi-Fi 5 bado inatosha kwa nyumba nyingi.
- Swichi 1 ya gigabiti yenye matundu 5 au 8, ikiwezekana yenye PoE, yaani inayopeleka umeme ndani ya waya wa mtandao.
- Waya wa Cat6 au Cat5e: pima njia yote, kisha ongeza mita 3 kila upande. Waya mfupi kwa sentimita ishirini ni waya wa kutupa.
- Soketi za ukutani za RJ45, yaani za waya wa mtandao, au vichwa vya RJ45 kama 10, vingine vitaharibika.
- Koleo la kubania vichwa, kisu cha kumenya waya, kipima-waya cha taa 8.
- Nyaya fupi zilizotengenezwa kiwandani, za kuunganisha vifaa na soketi.

Kwenye waya, soma maandishi ya boksi kwa makini. Ukiona herufi CCA, uache hapohapo. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inakatika ikipindwa, hushika vibaya kwenye vichwa, na ukiupitishia umeme wa PoE hupata joto kuliko inavyotakiwa. Unaotaka ni shaba tupu. Ukikwangua uzi kwa kisu ukaona weupe chini ya wekundu, ni alumini.

PoE nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni viwango: 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, 802.3at hutoa hadi 30. Kituo kinachotaka 802.3at kikiwekwa kwenye 802.3af kinaweza kugoma kuwaka, au kikawaka na kuzima redio moja. Angalia pia jumla ya swichi yenyewe: yenye matundu 8 na bajeti ya wati 60 haiwezi kulisha vifaa 8 vya wati 15 kila kimoja. Mtego wa pili ni vile vilishi vya volti 24 visivyofuata kiwango, ambavyo humwaga umeme bila kuuliza kilicho upande wa pili kama kinauhitaji. Visitumike ila na kifaa kilichokuja navyo. Vinaweza kuunguza tundu la laptopu.

Faida ya PoE ambayo watu huigundua baadaye ni kwamba, umeme ukikatika, betri moja ya akiba pale penye ruta na swichi inawasha vituo vyote vya nyumba.

Kulaza waya

Ulaze mbali na nyaya za umeme. Zikienda sambamba, acha nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba. Usiupinde waya kwa kona kali: mpindo usiwe na nusu kipenyo kinachopungua mara nne ya unene wa waya, yaani kama sentimita 2.5 kwa waya wa milimita 6. Usiubane kwa vifungo vya plastiki hadi ubonyee. Ndani ya waya mna jozi nne zilizosokotwa kwa vipimo tofauti ili zisiingiliane, na kila unapozibonyeza unaharibu hesabu hiyo.

Kwenye soketi au kichwa, fuata mpangilio wa T568B pande zote mbili. Kichwa kikiwa kimekuelekea kwa upande wa pini za shaba, kilimi chake kikiwa nyuma na waya ukiingilia chini, kutoka kushoto kwenda kulia: mweupe wa machungwa, machungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Makini na nafasi ya tatu hadi ya sita: uzi wa kijani umetenganishwa na mwenzake, na bluu imekaa katikati yao. Anayepanga rangi zikae pamoja jozi kwa jozi kwa kuwa zinapendeza anatengeneza waya ambao kipima-waya cha taa kitausifu lakini data itaukataa. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita 1.3, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe pamoja na nyuzi.

Pima kabla ya kufunga ukuta. Taa nane ziwake kwa zamu, 1 hadi 8, pande zote. Halafu chomeka laptopu na uone imeunganishwa kwa mwendo gani. Ikisema Mbps 100 mahali pa 1000, karibu kila mara ni uzi mmoja haujashika: gigabiti inahitaji jozi zote nne, na zikibaki mbili vifaa hushuka kimyakimya bila kulalamika. Kata kichwa, bana upya.

Kama kituo kinakwenda kwenye jengo jingine uani, waya wa shaba kati ya majengo mawili ni hatari. Radi ikipiga karibu, au udongo wa majengo hayo ukiwa na tofauti ya volti, waya huo unakuwa njia ya kuunguza kila kilichounganishwa. Tumia nyuzi za kioo na vigeuzi viwili. Kioo hakipitishi umeme.

Kuiandaa ruta

Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa laptopu iliyochomekwa kwa waya. Kwanza badilisha nenosiri la msimamizi lililotoka kiwandani, kisha sasisha programu yake. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN: udhaifu wa PIN yake umejulikana tangu 2011.

Weka anwani ya ruta kuwa 192.168.10.1. Si lazima iwe hiyo, ila 192.168.1.1 hutumiwa na modemu nyingi za watoa huduma, na ruta yako ikiwa na safu ileile na modemu iliyo mbele yake, data haitajua iende upande gani. Kisha weka DHCP, yaani mgawaji wa anwani, agawe kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.250. Zilizo chini ya 100 zibaki kwa vifaa vyenye makao ya kudumu: vituo, printa, kamera.

Kama sanduku la mtoa huduma nalo ni ruta, una ruta mbili tayari. Chagua moja. Ama liweke sanduku lake katika hali ya daraja ili lipitishe data tu, ama uache liwe ndilo ruta na lako liwe kituo. Ukiziacha zote mbili zigawe anwani, kurasa za wavuti zitafunguka vizuri tu, ila michezo ya mtandaoni, kamera za kutazamwa kutoka mbali na kurusha video kutoka simu hadi televisheni vitakusumbua kwa njia ambazo hazielezeki.

Kuigeuza ruta ya zamani kuwa kituo

Usiitupe ruta ya zamani yenye Wi-Fi 5. Kama ina hali ya kituo kwenye menyu yake, ichague na kazi imekwisha. Kama haina, fanya hivi, kwa mpangilio huu, kwani ukiruka hatua unaweza kujifungia nje:

1. Irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kushikilia kitufe cha nyuma kwa sekunde 10 hadi 15. Isiunganishwe bado na mtandao wa nyumbani.
2. Chomeka laptopu kwenye tundu lake moja la LAN, yaani la vifaa vya ndani, ingia kwenye mipangilio.
3. Panga Wi-Fi: jina, nenosiri, chaneli. Tutayaona sasa hivi.
4. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.10.2. Itajiwasha upya, ipe laptopu anwani ya mkono, mfano 192.168.10.9, uingie tena.
5. Zima DHCP yake.
6. Toa waya wa laptopu na uirudishe kwenye anwani ya kupewa. Unganisha waya kutoka ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya zamani. Lile la WAN, la kuelekea mtandao wa nje, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, liache wazi.

Hatua ya 6 ndiyo huwaangusha wengi. Waya ukiingia WAN, ruta ya zamani inabaki kuwa ruta, na nyumba inagawanyika mitandao miwili isiyoonana: simu iliyo chumbani haiioni printa iliyo sebuleni. Hatua ya 5 ikisahaulika, wagawaji wawili wa anwani watashindana, na vifaa vingine vitapata intaneti leo, kesho vikose.

Jina moja, chaneli mbalimbali

Vituo vyote vipewe jina moja la mtandao, nenosiri moja na aina moja ya ulinzi, herufi kwa herufi. Simu ikiona hivyo huchukulia ni mtandao mmoja wenye milango mingi, na itahama yenyewe. Herufi kubwa moja ikikosewa, ni mtandao mwingine.

Ulinzi uwe WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una vifaa vya zamani. Kwa masafa ya 6 GHz hakuna hiari; ni WPA3.

Chaneli ndizo zinazotofautiana. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli 11 hadi 13 kutegemea nchi, lakini zimepangwa kwa hatua za 5 MHz tu, ilhali kila kituo kinakalia 20 MHz. Kwa hiyo zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Kituo cha kwanza kiweke 1, cha pili 6, cha tatu 11. Usishawishike kuchagua 3 au 8 kwa kuwa programu inaonyesha pako wazi. Vituo viwili vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Vilivyo kwenye chaneli zinazogusana nusunusu havielewani, vinaharibiana tu. Upana ubaki 20 MHz. Ile 40 kwenye masafa haya ni uchoyo usio na faida.

Kwenye 5 GHz kuna nafasi. Upana wa 80 MHz unafaa nyumba yenye vituo viwili, mfano chaneli 36 na 149 pale zote mbili zinaporuhusiwa. Majirani wakiwa wengi, shuka hadi 40. Chaneli 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, na kituo kinalazimika kusikiliza kwa dakika moja au zaidi kabla ya kurusha, kisha kuhama papo hapo kikisikia rada. Kama Wi-Fi ya 5 GHz inapotea ghafla na kurudi bila sababu, na nyumba iko karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa, anza kushuku hapo.

Nguvu na kuhama

Watu huacha nguvu ya kurusha kwenye kiwango cha juu kabisa. Ipunguze. Uamuzi wa kuhama kutoka kituo hadi kituo haufanywi na ruta, unafanywa na simu, na simu ni mvivu: iPhone, kwa mfano, haianzi kutafuta kituo kingine hadi mawimbi yashuke kufikia -70 dBm. Kituo cha sebuleni kikipiga kelele nyumba nzima, simu yako itaendelea kukishikilia kwa -68 huku umekaa mita mbili kutoka kituo cha chumbani.

Pa kuanzia: weka 5 GHz kwenye nguvu ya kati, na 2.4 GHz chini yake kwa dB 6 hivi, kwa sababu 2.4 hupenya kuta zaidi na bila hilo vifaa hujazana huko. Kisha simama katikati ya vituo viwili na upime. Kila kimoja kisomeke kati ya -65 na -70 hapo. Pakiwa na nguvu zaidi ya hapo, punguza tena.

Vituo vingi vina viwango vitatu vya kusaidia kuhama: 802.11k huipa simu orodha ya vituo jirani, 802.11v hukiwezesha kituo kupendekeza pa kwenda, na 802.11r hufupisha ukaguzi wa nenosiri wakati wa kuhama. Washa k na v bila wasiwasi. Hiyo r iwashe mwisho, peke yake, kisha kagua printa na vifaa vidogo vya nyumbani. Baadhi ya vya zamani hushindwa kuunganishwa kabisa ikiwa imewashwa.

Kama ni meshi bila waya

Kosa kubwa ni kuweka kituo cha pili ndani ya chumba kisichoshika. Kikiwa huko hakisikii chochote, na hakiwezi kurusha kile ambacho hakikupokea. Kiweke njiani, pale kinapoisoma ruta kwa -60 hadi -65 kwenye 5 GHz, mara nyingi ukumbini au mlangoni pa chumba. Weka urefu wa kifua au zaidi, si sakafuni nyuma ya televisheni. Vituo vyote viunganishwe moja kwa moja na kile kikuu kama nyota, si kwa mnyororo wa kimoja nyuma ya kingine.

Kituo chochote cha meshi kinachoweza kufikiwa na waya, kipe waya. Ila hakikisha mfumo wako unaujua waya huo kuwa uti wa mgongo. Visipotambua, data itazunguka kwenda kwa waya na kurudi kwa hewa bila mwisho, na mtandao mzima utaganda.

Kupima na kutibu

Kasi ya intaneti usiipime kwanza. Ina mambo mengi yasiyo yako. Pima ndani ya nyumba. Kompyuta moja iliyochomekwa kwa waya iendeshe iperf3, programu ya kupima mwendo kati ya kompyuta mbili, kwa amri ya `iperf3 -s`. Kwenye laptopu unayotembea nayo andika `iperf3 -c` ikifuatwa na anwani ya kompyuta ile, kisha rudia ukiongeza `-R` upime upande wa pili. Kwa waya wa gigabiti tarajia kama Mbps 940. Kwa laptopu ya Wi-Fi 5 yenye antena mbili na 80 MHz, iliyo chumba kimoja na kituo, Mbps 500 ni nzuri. Ile 867 inayoonekana kwenye mipangilio ni mwendo wa redio, si wa data.

Matatizo yanayojirudia:

Simu imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, haikupewa anwani: waya wa kituo umekatika au DHCP ya ruta imezimwa kwa bahati mbaya. Ikiwa 192.168.1 wakati nyumba yako ni 192.168.10, kuna mgawaji wa pili mahali fulani, karibu kila mara ile ruta ya zamani.

Mtandao wote umeganda na taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja kama wazimu. Huo ni mzunguko: mtu amechomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi, au swichi mbili zimeunganishwa kwa nyaya mbili. Chomoa mmoja mmoja hadi taa zitulie.

Kituo kinazima na kuwaka chenyewe, hasa watu wakiwa wengi. PoE haitoshi, au waya ni CCA. Kijaribu kwa adapta yake ya umeme ukiwa na waya mfupi. Kikitulia, tatizo ni mojawapo ya hayo mawili.

Balbu janja au kamera mpya haiunganishwi. Nyingi huelewa 2.4 GHz na WPA2 tu. Tengeneza jina la pili la Wi-Fi la 2.4 GHz pekee, lenye WPA2, uviweke huko vyote. Ni vizuri pia kwa usalama, mradi mtandao huo umetengwa kweli: kwenye ruta iliyogeuzwa kituo, ule uitwao mtandao wa wageni mara nyingi hautengi chochote, kwa kuwa kutenga ni kazi ya ruta kuu kupitia VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya waya uleule. Jaribu mwenyewe. Unganisha simu kwa wageni kisha ufungue ukurasa wa printa. Ukifunguka, ukuta haupo.

Kila kitu kikishakuwa sawa, pakua nakala ya mipangilio ya ruta na ya kila kituo, uihifadhi nje ya ruta, na uandike kwa kalamu juu ya kila kifaa anwani yake ya IP na chaneli yake.